Deka Isiyodeka

Kwa lugha yetu, adekaye ni aliyelelewa kama yai,
anayelia akitaka kubebwa, na anajua atabebwa.
Huku Kaukasi hilo ni jina la kichaka kigumu
kinacholala kifudifudi mlimani, miezi minane chini ya theluji,
na hakijabebwa na mtu
ila kama kuni.

"Deka," anasema Tsiuri, akiikanyaga bila haya,
kwani hakuna pengine pa kupita.

Msitu umekoma chini yetu. Haukukoma ghafla:
kwanza misonobari ilikonda, kisha betula zikaanza kuinama,
vigogo vimepinda karibu na ardhi kama kiwiko;
kila baridi huvisukuma, kila kiangazi hujaribu kusimama.
Baada ya hapo hakuna cha kuitwa mti.
Kuna kimo cha goti.
Kuna mreteni uliojibanza nyuma ya jiwe,
kuna tunda dogo la bluu linalopaka meno wino,
kuna kuvumwani kikongwe kuliko kanisa la kijiji,
na deka, deka, deka, hadi nyasi zinapopokea zamu,
na baada ya nyasi, mawe matupu na Mungu.

Tsiuri amebeba fremu ya mbao, mita kwa mita,
yenye kamba zinazougawa mraba vyumba mia.
Mtaalamu wa mimea kutoka Tbilisi humlipa kwa siku.
Anapiga magoti. Anahesabu nani anakaa na nani.
"Chumba cha kumi na saba: deka, na mpangaji wake."
Mpangaji ni ua jeupe, kama kifungo cha shati la mtoto mchanga,
anayeishi hapo kwa kuwa deka humkinga na upepo.
Halipi kodi. "Kama shemeji yangu,"
anasema, na anaandika.

Sikumuuliza. Alisimulia mwenyewe, mkono ungali kwenye kamba.
Mwaka ule umeme ulikatika Oktoba, ukarudi Mei.
Barabara ilifungwa, msitu wa karibu ulikwisha kukatwa.
Wanaume wakapanda na mashoka hadi hapa,
wakang'oa deka na mizizi yake,
maana majani yake yana mafuta, huwaka hata mabichi.
Mumewe, Bidzina, alifunga mizigo arobaini.
"Nyumba ilinukia ubani na dawa ya kifua.
Tulipika. Watoto walioga maji moto.
Sitasema hatukufurahi."

Februari, mteremko ukateremka.
Ulichukua zizi, ng'ombe sita,
na Bidzina aliyekwenda kuwapa majani.

Mtaalamu anasema haijathibitika.
Vichaka hulala; pengine theluji huteleza juu yake vilevile,
pengine ingeshuka hata kama kila shina lingekuwapo.
Tsiuri huitikia kwa kichwa. Hubishani na watu wa vitabu.
Lakini mfukoni ana kipande cha shina, nene kama kidole gumba.
Alikikata kwa wembe, akakilowesha mate,
akahesabu duru zake dirishani: sitini na mbili.
"Sufuria moja ya viazi," anasema,
"umri wa mama yangu."

Tumefika kwenye kovu. Bado ni kovu:
udongo wa kijivu, changarawe, nyasi chache za kuazima.
Anatandika fremu. Sufuri. Sufuri. Anaandika kila sufuri,
kwa mwandiko uleule mzuri.
Mvua inakusanyika upande wa barafu
nami natamani tushuke.

Chumba cha themanini na tatu anakaa sana.
Kijiti. Majani mawili yenye manyoya ya kutu mgongoni,
urefu wa njiti ya kiberiti, labda pungufu.
Haandiki mara moja. Anavua kitambaa cha kichwa,
anakikinga kijiti na upepo ambao kimeuzoea kuliko yeye,
kisha ananong'ona kitu kwa Kisvani,
kwa ile sauti ambayo, popote duniani,
humwachia mtoto adeke.

Niligeuka, nikajitia kutazama mawingu.
Nilisikia penseli ikiandika: moja.