Wati Kumi na Mbili

Fundi Shadi alipanda ngazi zote nne na viatu vya darini,
akanywa kahawa, akakataa biskuti,
akaweka karatasi mbili juu ya meza ya jikoni.

Ya kwanza: betri nne za risasi na asidi.
Nzito. Zinataka maji kama punda,
zinataka dirisha, maana pumzi zao si njema,
na ukizinyonya kupita nusu zinanuna.
Baada ya miaka miwili, mitatu,
moja ikifa, inazivuta nyingine kaburini.

Ya pili: lithiamu. Sanduku jeupe la kutundika ukutani,
halina harufu, halina kelele, halidai kitu kwa miaka kumi.
"Rahisi huvunja upishi," nikasema kwa kujiamini,
nikageuza karatasi, nikaiona bei,
nikanyamaza.

"Kwanza mniambie," akasema Shadi,
"giza likija, mnataka kuokoa nini?"

Hapa Saida umeme wa serikali ni mjomba mwenye deni:
huingia usiku wa manane, saa moja tu, kisha huyoo.
Saa zilizobaki ni za Abu Khudr na jenereta yake;
ampea tano anatuuzia,
moshi anatupa bure.

Munzir akachukua penseli.
Friji. Taa sita. Feni.
Mashine ya kufulia. "Mchana tu, jua likiwa kazini."
Televisheni, kwa sababu ya mpira.
Cherehani yangu, kwa sababu mpira haulipi kodi.
Pasi? Shadi akacheka.
Birika la umeme?
Shadi akafumba macho.

Tukafuta, tukabishana, tukafuta tena,
ndoa ya miaka thelathini na moja
ikakaguliwa upya kwa wati na saa:
nani huacha taa ya bafuni ikiwaka,
nani hufungua friji akasimama mbele yake
kana kwamba ni dirisha lenye mandhari.

Kisha, chini kabisa, kwa mwandiko mdogo,
Munzir akaandika:
ruta. Wati kumi na mbili. Usiku kucha.

Sikuuliza.
Kinan anapotoka kazini kule Edmonton
kwetu huwa saa tisa za usiku.
Mara mbili alipiga tukiwa gizani, simu hazishiki kitu,
akadhani tumelala.
Mara ya tatu hakupiga.

"Hizo kumi na mbili," Shadi akasema, "hata betri ya gari inaziweza."
Munzir akaendelea kuchonga penseli
iliyokuwa tayari imechongoka.

Usiku ule nikazihesabu bangili zangu za mahari.
Sita. Nne zilitosha kwa sanduku jeupe, lile dogo,
kwa sharti kwamba feni ifutwe
na televisheni iwake siku za mechi tu.
Mbili ninazo bado. Zinagongana nikikata vitunguu.

Abu Khudr alikuja kutupongeza,
akaweka kiganja juu ya sanduku kama anayepima homa.
"Halivumi?"
"Halivumi."
Akakaa kimya, akatazama mlangoni,
kisha akauliza bei, kwa sauti ya chini,
kwa ajili ya dada yake, alisema.

Usiku wa kwanza niliamka nikakuta upande wa Munzir umepoa.
Yuko jikoni, glasi ya maji mbele yake, haijaguswa.
Mtaa mzima mweusi.
Juu ya kabati, taa ya kijani ya ruta
inapepesa, inapepesa.
Saa tisa na robo.
Sanduku linasema: asilimia sitini na nne.

Saa kumi kasoro.
Sitini na mbili.

"Bado inatosha," akasema,
bila kugeuka.

Nikavuta kiti.