Unyusi wa Kushoto

Nimetafsiri wizi wa kuku, talaka, mipaka iliyohamishwa usiku,
miaka kumi na saba katika mahakama ya Kisumu,
nimesimama kati ya hakimu na kizimba
kama bomba la maji: kinachoingia huku kitokee kule,
wala mtu asiulize kama bomba nalo lina kiu.

Jumanne ile wakili Masakhalia alitoa neno.
Shemeji wa mjane huyu, alisema, ni mtu supasilias.
Alilitamka polepole, kama anayevua glovu.
Hakimu akaandika. Karani akaandika.
Mimi nikakwama.

Nilishika *kiburi*, nikakirudisha:
kiburi huvimba kifuani, na yule bwana alikuwa ametulia tuli.
*Dharau* ilikaribia. Lakini dharau ya kwetu ina kelele,
ina msonyo, ina mate yanayotua kando ya kiatu chako.
*Maringo*? Maringo hutaka watazamaji.
Feni ilizunguka darini. Hakimu alikohoa.

"Mama Nyangweso," nikasema, kwa Kijaluo sasa,
"wanauliza shemeji yako ni mtu wa namna gani
unapomwomba njia ya kwenda kisimani."

Hakujibu kwa mdomo.
Aliuweka chini mkoba wake wenye stakabadhi za mazishi,
akausawazisha uso ukawa bapa kama bati,
kisha akainua unyusi wa kushoto, mmoja tu,
juu, na juu tena, hadi ukagusa ukingo wa kitambaa,
na jicho lililobaki chini yake likatutazama sote
kama utando wa buibui ambao ufagio uliusahau.

Watu walicheka hadi benchi la nyuma likalia.
Shemeji hakucheka.
Shemeji aliinua unyusi.
Na hakimu, bila kujijua, akainua wake.

"Mkalimani, jibu liingie kwenye kumbukumbu."
"Shahidi ameinua unyusi, Mheshimiwa."
"Hilo si jibu."
"Ndilo alilolitoa, Mheshimiwa."

Usiku, Manyatta, umeme ukija na kuondoka,
nilifungua kamusi aliyoniachia baba mkwe,
ile ambayo mende wameila kuanzia herufi ya mwisho kurudi nyuma.
Neno lilikuwa limenusurika.
Nikalifuata kutoka Uingereza hadi kwa Warumi:
*super*, juu; *cilium*, kope.
Kilicho juu ya kope.
Basi. Unyusi.
Limevalishwa joho, limevushwa bahari, limelipiwa karo,
na ndani yake bado amekaa mtu mmoja
anayeinua vinyweleo vichache juu ya jicho
ili asikuone.

Na mjane wa Nyakach, aliyeachia shule darasa la nne,
alifika huko kwa miguu, akatungoja.

Niliondoka mezani nikanawe uso.
Hapo ndipo nilipokumbuka: asubuhi, kabla ya kesi,
mwanamke mwenye mkoba alinisimamisha kwenye korido
akaniuliza vyoo viko wapi.
Nilikuwa na faili kwapani. Nilikuwa nimechelewa.
Najua nilimtazama.
Sikumbuki kama nilifungua mdomo.

Nikasugua paji la uso,
upande wa kushoto hasa,
hadi maji yakakatika mferejini.