Usaha

Kazija kakanyaga gamba la chaza
akifunga mwani, bamvua la Jumatatu.
Leo Alhamisi, kituo cha Micheweni,
mguu umevimba juu ya kigoda changu:
"Niondolee uchafu huu, daktari."
Mimi si daktari. Nakamua.

Uchafu? Ni watu wako hawa, bibi, chembe nyeupe.
Wamezaliwa ndani ya mfupa wa nyonga, ubohoni,
umri wao siku moja, pengine haifiki;
wakanusa mgeni huko chini kidoleni,
wakajibinya, wakapenya ukuta wa mshipa,
wakammeza mzima mzima,
wakafa naye yumo tumboni.

Hawakuoshwa. Hawakukafiniwa.

Pamba ya njano naidondosha ndooni.
Kifuniko nakiweka polepole,
hata Kazija ananiuliza:
"Mbona umenyamaza?"