Mbegu ya Moto

Kumbakonam, alfajiri. Mwalimu Seshadri
amepooza upande wa kulia.
Mate yanamponyoka kidevuni.

Zamani alimchapa Vasantha kwa ajili ya "ram":
ulimi uguse ufizi mara moja,
irabu iwe fupi kama cheche,
kisha fumba midomo, sauti ipande puani.
"Nani aliipanda, mwalimu?"
"Hakuna. Ilisikika tu."

Leo r imemkimbia, a imelegea.
Imebaki ile ya mwisho,
mmmm,
bilauri ya shaba inatetemeka.

Nami, mgeni mlangoni, natamka kimoyomoyo: mbegu.
Midomo inafumba kwanza.
Tunaanzia pale anapoishia.

Vasantha anamfuta mate kwa pindo la sari,
anaweka kiganja kitovuni pa mzee.
Anageuka kunitazama.

"Pana joto," anasema.