Mpira wa Manjano

Shangazi Rayya anasema ni ziwa.
Mundhir, aliyesomea uhandisi, anasema ni bwawa,
maana lina ukuta, na chenye ukuta kimejengwa,
na kilichojengwa kina tarehe na fundi.
Shangazi anafungua chupa ya chai.
"Mimi maji yakizidi upana wa macho yangu
nayaita ziwa. Wewe yaite ndoo."

Tumefika saa nne, Ijumaa, gari mbili,
kutoka Maskati kwa njia ya Kuriyati,
milima mikavu kama mkate uliosahauliwa tanuuni,
jiwe juu ya jiwe, hata mbuzi anafikiri kabla ya kupanda.
Kisha kona. Kisha kona nyingine.
Kisha kijani,
si kijani cha jani, kijani cha chupa,
kimelala baina ya majabali
kana kwamba mtu alikimwaga, akaona haya kukizoa.

Chini ya ukuta, Mazara:
mitende, ndimu, mfereji wa falaji
unaopita uani kwa watu bila kubisha hodi.
Juu, sisi:
mkeka, jiko la mkaa, mishikaki ya ngamia,
mandazi ambayo Shangazi huyabeba hata akienda hospitali,
na Kiswahili chetu cha Unguja, kilichozeekea Ruwi,
kikigombana na upepo.

Kibao kinasema kuogelea marufuku.
Basi starehe yetu ni kutazama,
kama watoto mbele ya duka lililofungwa.
Tunaonyeshana mstari mweupe mwambani,
pale maji yalipofika mwaka ule wa mvua.
Tunaonyeshana njia ya zamani
inavyoteremka vichakani, ikaingia majini,
isitoke.
"Marehemu alipita humo na Landrova yake," anasema Shangazi.
"Leo samaki ndio wenye leseni."

Ghaniya, miaka sita, akapiga teke.
Upepo ulikuwa ukisubiri hilo tu.
Mpira ukaruka uzio,
ukadunda mwamba wa kwanza, wa pili,
wa tatu ukausita kidogo,
tubwi.

Tukasimama.
Ile familia ya Ibra ikaacha wali mdomoni.
Mtunza bustani, mtu wa Chitagongi, akatupa mpira wake wa maji
ukabaki ukinywesha lami.
Vijana wakazima muziki.
Watu ambao asubuhi nzima hatukupeana hata salamu
sasa tunapiga kelele kwa lugha nne:
kushoto! unakwenda kushoto!

Ukaambaa na ukuta kwanza, kama mkaguzi.
Ukakata kuelekea machweo.
Ukaingia mwanya ambao hatukujua kama upo,
tukadhani basi;
ukachomoza ng'ambo ya jabali,
na ndipo tukajua lile si jabali, ni kisiwa.
Ukazunguka ukingo wa matete.
Mahali fulani ukatulia kabisa,
na Mundhir akanong'ona, bila kuulizwa,
"Hapo pana kina."

Alikuwa ameshika kalamu.
Juu ya mfuko wa mikate, wenye madoa ya mafuta,
alikuwa akichora: mwanya, kisiwa, matete,
mkono mrefu wa maji unaojificha nyuma ya mlima
ambao kutoka kwenye vigae vya wageni hauonekani.
Miaka mitatu tunakuja hapa kupiga picha.
Hatukuwahi kupaona.

Ghaniya hakulia.
"Kule ulikokwenda panaitwaje?"
Tukatazamana. Baba wa Ibra akamtazama mtunza bustani,
mtunza bustani akatazama viatu vyake.

Mundhir akaandika neno moja katikati ya mchoro,
akalifunika kwa kiganja.
Shangazi hakuomba kuliona.
Akamwongeza mshikaki.

Upande wa pili, mbali, mbuzi alishuka,
akainusa ile nukta ya manjano,
akaona hailiki,
akarudi zake juu.