Kama Ile ya Siku Ile

Nilimwandikia Khatib wa gari:
"Peleka ile halua kule kwa yule,
kama ya siku ile. Pesa baadae."
Nikaweka simu, nikarudi kukoroga.

Mimi nilijua. Kichwani mwangu
yule alikuwa Bi Mkasi wa Konde,
vikapu kumi na mbili, harusi ya Ijumaa,
lozi juu, iliki isizidi.

Khatib naye alikuwa na yule wake:
wa Mtambile, siku ya hitima.
Akashusha halua kwenye nyumba ya kilio,
wakaila, wakatuombea dua.

Konde, wageni walikunywa kahawa tupu,
chungu mpaka tone la mwisho.
Bi Mkasi hakugomba. Alipiga simu, akasema tu:
"Asaa mwanangu, mie nilisema. Wewe uliandika?"

Hapa Wete moto wa halua hausubiri,
mkono ukisita, sufuria inashika chini.
Lakini siku hizi nasita kwenye maneno.
Naandika jina la mtu na la babake.
Saa tatu asubuhi, si "mapema."
Kilo mbili na nusu, si "kiasi."
Kisha nasoma kwa sauti, sukari ikitokota,
kana kwamba mimi ndiye Khatib
na sijui kitu.

Riziki hunicheka: "Unaandika barua ya posa?"

Leo mchana simu imelia. Khatib:
"Nshafika."

Nikamjibu: wapi?