Kisanduku cha Saba

Fomu yenu inauliza, kwenye kisanduku cha saba:
"Eleza matokeo yanayopimika. Maneno yasizidi mia mbili."
Nimeketi jikoni kwangu, Adelaide, saa nne za usiku,
chai imepoa hadi imefanya utando,
na Juni imebakiza siku mbili ikate roho
pamoja na ruzuku yenu.

Nianze na yanayohesabika, hayo hayana ubishi.
Shule sita. Kilomita elfu mbili mia tatu na arobaini.
Pancha mbili. Kangaruu mmoja, Mungu anisamehe.
Wanafunzi thelathini na mmoja,
ilhali kwenye maombi niliwaahidi sitini,
maana aliyenifundisha kazi hii alisema
mfadhili hamwoni mtoto hadi awe umati.

Tulibeba bahari ndani ya masanduku ya mbao:
mifupa ya nyangumi iliyofinyangwa kwa plasta,
mwani mkavu, chumvi ya mawe, ngozi ya papa
inayokwaruza ukiipapasa kinyume,
na ubao wa mtetemo, ili asiyesikia
aupokee mlio wa nyangumi kwa visigino.

Wirrandoo ilikuwa ya mwisho.
Wakulima wamepanda ngano kwenye vumbi, wanangoja.
Kirefu huko ni ghala la nafaka, na kivuli chake.
Mlango wa maktaba una ngazi tatu,
na fedha zenu, kifungu cha nne, haziruhusu ujenzi.
Basi Bwana Schutz akaja na mbao za banda la kondoo,
misumari mdomoni, hakuuliza kifungu,
na kabla ya kengele ya chakula Tahlia wake
alipanda kwa magurudumu yake mwenyewe,
akajaribu ule ubao wa mtetemo,
akasema unamtekenya, hautaki.
Mbao zile sikuziweka kwenye bajeti. Naziweka hapa.

Sasa la Corbin Nankivell.
Miaka kumi, hajaona tangu kuzaliwa,
alisimama mbele ya sanduku la kwanza
akapitisha kidole kwenye lebo ya nukta nundu,
akarudia,
kisha akacheka mpaka akashika meza.
"Nani kaibandika hii kichwa chini miguu juu?"

Mimi. Zote. Kwa mkono wangu, kwa gundi ya bei.
Shule tano nilizipita hivyo, na hakusema mtu.
Ama hapakuwa na msomaji
ama walinionea haya, kama mgeni
aliyevaa shati nje ndani.
Zile picha za tabasamu nilizowatumia Aprili
zilipigwa mbele ya lebo hizo hizo.

Akazibandua kwa ukucha, moja baada ya moja,
ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo.
Alipofika kwenye mfupa wa sikio la nyangumi
aliukamata kwa mikono miwili, akautega sikioni.
"Kule chini kuna mwanga?"
Nikamwambia hapana, giza tupu, husikiliza tu.
Akaurudisha mahali pake.
"Basi huyu hahitaji lebo."

Nimeshavuka maneno mia tatu, fomu imegeuka nyekundu.
Namfuta kangaruu.
Nafuta misumari, kondoo, utando wa chai.
Namfuta Tahlia na mtekenyo wake, kidole kikisita kidogo.
Kinasalia:
"Wanafunzi 31 wamefikiwa. Dosari ya lebo imerekebishwa."
Na fomu inanipongeza kwa alama ya kijani.

Lakini dirisha la maombi mapya linafunguliwa Jumatatu,
nami nimekwisha kuandika mstari wa kwanza wa bajeti:
mshauri wa nukta nundu, C. Nankivell,
kwa saa, malipo kamili ya mtaalamu.
Ikiwa umri wake una kizuizi,
nitajieni kifungu.
Yupo mtu Wirrandoo mwenye mbao.